Betri ya Mama Kola

Asubuhi aliyorudi kazini, Mama Kola alipangusa vumbi kwenye cherehani yake, akatia bobini, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kuvaa miwani. Waliomwita hivyo walikuwa na sababu: kola za mashati yote ya sare yaliyotoka katika ukumbi ule wa kiwanda zilipita mikononi mwake. Kushotoni kwake alikaa wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeshona mikono ya mashati, na ambaye mimba yake ilikuwa imeanza kugusa meza.

"Umependeza, wifi," akasema mke wa kaka. "Hata miguu imerudi kuwa miguu. Yalikuwa magogo yale."

"Yako ndiyo yanaelekea huko. Hebu vua viatu."

Kwa muda mrefu kabla ya hapo Mama Kola alikuwa akilala ameketi, mito imepangwa mgongoni, maana akijinyoosha tu pumzi humkaba. Daktari wa moyo alimweleza kwamba moyo wake umechoka na kutanuka, na juu ya hilo pande zake mbili haziendi pamoja. Wa kulia ukishaminya damu, wa kushoto ndio kwanza unaamka. Ni kama watu wawili wanaokamua shuka moja, mmoja anasokota na mwenzake bado anatafuta ncha. Dawa zilisaidia, lakini hazikutosha. Basi wakampasua kidogo chini ya mtulinga, wakaweka betri ndogo ndani ya ngozi, na nyaya tatu zikapitishwa mshipani hadi moyoni, ili pande zote mbili ziamshwe kwa pamoja. Kiwanda ndicho kilichomdhamini. Msimamizi alilitangaza hilo mbele ya watu wote, na kesho yake akalitangaza tena.

Kengele ya kuanza kazi ilipolia, Mama Kola alikanyaga pedali. Betri ikapiga, moyo ukaitika, na pedali zote za ukumbi zikashuka kwa wakati mmoja. Zikapanda. Zikashuka. Kikawa kishindo kimoja, kama cha mtu mkubwa anayetembea darini. Fundi makanika alikuja na kopo lake la mafuta, akatega sikio kwenye meza moja, kisha nyingine.

"Zimeelewana," akasema, akarudi kwenye chai yake.

Ukumbini mle walikuwa na desturi waliyoiita kubebana. Kazi ilipita mkono kwa mkono, kutoka kwa washona mifuko hadi kwa watia vifungo, na mmoja akichelewa mstari mzima hukwama. Kwa hiyo aliyeumwa, aliyefiwa au aliyekesha na mtoto alibebwa. Jirani wa huku alivuta kipande chake kimoja, wa kule akavuta kingine, naye akalaza kichwa mezani huku msimamizi akiona mstari unakwenda. Mama Kola alibebwa hivyo katika ugonjwa wake wote, na aliyembeba zaidi ni wifi yake. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Mle ndani waliujua uzito wake.

Sasa kubebana hakukuwezekana. Hakuna aliyeweza kuwahi akamsaidia mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyechelewa. Siku moja wifi alizidiwa na usingizi. Akalaza kichwa, macho yakafumba, hata akakoroma kidogo, lakini miguu yake iliendelea kukanyaga na mikono yake ikaendelea kusukuma kitambaa. Alipoamka akakagua mishono, akaona imenyooka, akavuta shati lingine.

Msimamizi waliyemwita Kobe hakupewa jina hilo kwa mwendo bali kwa shingo, iliyochomoza kwenye shati kila aliposhuku kwamba kuna mtu anapumzika. Yeye ndiye aliyegundua kwamba Mama Kola akipanda ngazi za ghala kuchukua uzi, ukumbi wote hushona haraka. Akamtuma tena. Mchana akamtuma bila kumtajia kitu.

"Nikalete nini?" akauliza Mama Kola.

"We nenda tu. Utajua ukifika."

Siku ya kwenda kukaguliwa betri, Kobe alimsindikiza mwenyewe.

Mpimaji alikuwa msichana mwenye mikono ya baridi. Aliweka kisahani juu ya kovu, akatazama kioo cha mashine yake. "Pande zote mbili zinaitikia vizuri. Mama, siku hizi unapanda ngazi?"

"Napandishwa."

Kobe akachomoza shingo. "Unaweza kuuongeza mwendo?"

"Kuweza naweza. Lakini moyo uliochoka haukimbizwi. Tuliuwekea betri uende pamoja, hatukuuwekea ushindane."

"Kuna oda kubwa," Kobe akasema, akitazama ukuta. "Mwendo usipopanda, wale wazito itabidi wakapumzike makwao moja kwa moja. Nadhani tutaanza na wifi yake."

Kaka yake Mama Kola hakuwa na kazi. Nyumba yao ilisimama juu ya pedali ya mkewe. Mama Kola alifikiri kama watu wa ukumbi wake walivyozoea kufikiri: wamenibeba kwa mikono, sasa ni zamu yangu niwabebe kwa moyo. Likaonekana jambo dogo. Likaonekana hata jambo zuri, na uso wake ukachangamka.

"Ongeza kidogo, mwanangu," akasema.

Mpimaji aliweka kidole kwenye kitufe cha mashine. "Kidogo tu. Miguu ikivimba au pumzi ikikata, urudi siku hiyohiyo." Akabonyeza. Kule kiwandani wanawake waliinua nyuso, wasione kitu, wakainama tena na kushona haraka zaidi.

Hakuna aliyefukuzwa. Oda ikaisha, ikaja nyingine. Mama Kola miguu yake haikuvimba. Iliyovimba ni ya mshona mifuko, halafu ya watia vifungo, halafu ya mstari wa dirishani. Wanawake wakaanza kulala wameketi, na mito ikawa adimu madukani. Asubuhi waliulizana nani amelalia mingapi, wakacheka kwa vipande, maana pumzi ya kicheko kizima haikuwepo.

Saa ya chakula wifi alikuja akakaa karibu.

"Mkunga kanisikiliza tumbo," akasema. "Anasema mapigo ya mtoto ni ya mtu mzima."

"Mtu mzima gani?"

Wifi akaushika mkono wa Mama Kola, akauweka tumboni. Mama Kola akasikia betri chini ya mtulinga wake na mtoto chini ya kiganja chake. Vilikwenda pamoja.

"Anageuka?"

"Hageuki. Hapigi teke. Anapiga hayo tu."

"Kesho narudi kwa mpimaji. Apunguze."

"Ukipunguza natoka mimi, wifi. Halafu kaka yako atakula hayo mapigo?"

Mama Kola hata hivyo alikwenda kwa Kobe, akamweleza yote, akamsihi. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayeamini kwamba jambo likielezwa vizuri litaeleweka. Kobe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaja naye mpaka mezani.

"Samahani, mama kijacho," akasema, akaweka kiganja juu ya tumbo la wifi. Akachomoza shingo, akatazama saa ya ukutani, midomo ikihesabu. Halafu akatabasamu, jambo ambalo ukumbini hakuna aliyewahi kuliona, na akamwita fundi makanika.

Fundi makanika alichuchumaa kati ya cherehani mbili, akanyoosha futi yake sakafuni.

"Cherehani kubwa haiingii," akasema. "Lakini ndogo itatosha."

Wanawake wakasogeza viti kupisha nafasi, wote kwa pamoja.