Kimeng'enya Kilichopumzishwa

Mashine yetu ya kusaga hapa Kosele ilikuwa imenyamaza wiki nzima kwa kukosa dizeli. Wateja walishaanza kupita mlangoni bila hata salamu, wakielekea kwa jirani. Kwa hiyo Maroa, fundi wa Migori, nilimkubalia upesi: tuchukue mafuta yaliyokwisha kukaangiwa chipsi kibandani kwa Kuruthum, tutie spiriti kali na kimeng'enya, tukoroge mpaka kesho yake jioni, tupate dizeli yetu wenyewe. Kimeng'enya chenyewe, dawa ya maji inayogeuza mafuta kuwa dizeli, kilikuwa chupa moja tu.

Tulianza Ijumaa mchana, mota ndogo ya umeme ikikoroga pipa. Jua lilipoanza kushuka, Sabato ikikaribia kuingia, mume wangu Nyangau, mzee wa kanisa la Waadventista, akampigia Maroa simu.

"Hii kitu itafanya kazi usiku mzima?"

"Itafanya, mzee. Haichoki."

"Iko hai?"

"Hapana. Haina uhai."

"Na nikiichemsha?"

"Usijaribu! Itakufa."

Nyangau akakata simu, akanitazama. "Haiko hai, lakini inakufa. Mama Joyline, wewe umeelewa?"

Sikuelewa hata kidogo, ila sikutaka kushindwa. "Kuku wako hutaga Sabato, na yai unakula."

"Kuku sijamwajiri. Hii nimeiweka kazini kwa mkono wangu. Mtumishi apumzike, punda apumzike..."

"Basi na moyo wako uuzime!"

Akazima mota. Nilikwenda ibadani nimenuna.

Jumamosi jua lilipotua akaiwasha tena, ikakoroga hadi Jumapili. Mafuta yakabaki mafuta. Maroa alikuja, akachungulia pipa, akatikisa kichwa. Mota iliposimama, alisema, spiriti ilijitenga, ikakiua kimeng'enya.

"Lakini niliipumzisha," Nyangau akasema. "Kwa hivyo nimeua siku ya Sabato?"

"Mzee, haikuwa hai."

"Si umesema imekufa?"

Maroa akarudisha kifuniko cha pipa. Mimi maneno makali niliyoyaweka tangu Ijumaa yalikuwa tayari mdomoni, lakini nilipoona machozi ya mume wangu nikayameza. Nilimhurumia na nilimkasirikia, na sikujua kipi kitangulie.

Mama mmoja akatua debe lake la mahindi mlangoni, akauliza kama tunasaga. Nyangau akanitazama nimjibu.

"Leo pia tunapumzika," nikamwambia.