Aliyekunywa Soda

"Ulikunywa glasi ngapi, Rael?" mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya chuo aliniuliza tena, kana kwamba mshtakiwa ni mimi. "Nyinyi Wakuria hamwogopi pombe."

Nilimeza hasira. Nilitoka Kehancha kuja kusoma uuguzi hapa Homa Bay, sikuja kutukaniwa kwetu.

Cliff alikaa mbele yangu na shati lake jeupe. Kwenye bethidei ya rafiki yetu Trizah, ndiye aliyekuwa akinijazia glasi. Miguu iliponiishia nguvu, alinipeleka chumbani kwake akanibaka. Leo amekuja na mchungaji wa kumtetea.

"Huyu kijana nimemlea kanisani," mchungaji akasema. "Pombe hajawahi kuonja. Hata siku hiyo alikunywa soda tu."

Kamati nzima ikatikisa kichwa kukubali. Cliff akatabasamu.

Nikasimama, nikamgeukia mwalimu aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao.

"Asante, Mchungaji. Mwalimu, tafadhali andika hayo maneno yote. Mimi nimeshajibu: nililewa, hata jina langu lilinipotea. Huyu alikuwa na akili timamu tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa muulizeni yeye."