Kiti Kando ya Mto

Kiti kilikuwa bado na umbo la baba. Sponji ilibonyea upande wa kushoto, alikoegemea mwaka wake wa mwisho. Binti yake, daktari wa moyo, alikitazama, kisha akautazama mto mpya uliokuwa kitandani, ungali ndani ya nailoni.

"Hujaufungua, mama."

"Nilifungua upande mmoja. Nikaona ni mto tu, nikaufunika."

"Si mto tu."

"Najua. Ulinieleza mpaka nikasinzia."

Alikuwa ameeleza vizuri. Kifaa walichomwekea mama kwenye mshipa unaopeleka damu mapafuni kilikuwa kidogo sana, wala hakikuhitaji betri. Kila asubuhi mgonjwa hulala chali juu ya mto. Mto husoma shinikizo la damu katika mshipa ule na kulituma kliniki. Shinikizo hupanda mapema, kabla miguu haijavimba na pumzi haijakata. Dawa ikirekebishwa wakati huo, mgonjwa huenda asifike wodini. Wiki ile wagonjwa wote wa kliniki walikuwa wametuma vipimo isipokuwa mmoja, na madaktari wenzake walikuwa na adabu ya kutomtaja mama yake.

Baba naye aliugua moyo, lakini enzi zake haya hayakuwapo. Aliambiwa apumzike, akapumzika mpaka misuli ikamwisha. Leo angeambiwa atembee, na angeanzishiwa dawa za aina nne bila kungojwa azidiwe. Akilala chali alikosa pumzi, basi akawa analala ameketi. Kila usiku, kabla taa haijazimwa, sauti yake ilisikika nyumba nzima: "Umefunga mlango?" Mama alijibu: "Nimefunga." Daktari, wakati huo msichana wa shule, alizisubiri sauti hizo mbili ndipo usingizi umchukue.

Sasa blanketi la mama lilikuwa limekunjwa juu ya kiti kilekile; hapo ndipo alipolala siku hizi.

"Mama, woga wako nauelewa. Ulimwona baba akihangaika. Lakini mapafu yako hayana maji, nimeyasikiliza mwenyewe. Ukilala chali hakuna kitakachokupata."

Mama alicheka. "Nani kakwambia naogopa? Umesoma miaka yote hiyo, bado unabahatisha."

Daktari hakupenda kubahatisha.

"Baba yako alikuwa bahili wa maneno," mama alisema. "Chakula tayari? Watoto wamelala? Basi, kamaliza. Alipohamia kitini, nikatandika godoro hapo chini ya miguu yake. Usingizi hauji, afanyeje? Akaanza kuzungumza. Nikajua kumbe siku ya kwanza kuniona alinipita mara tatu, hawezi hata kunisalimu. Mwaka ule wa ugonjwa ndio niliokuwa na mume, mwanangu. Sasa unanipa mto nikalale kule ukutani, kana kwamba mazungumzo yamekwisha."

Daktari alijua kuwa shinikizo lingeweza kuwa linapanda wakati uleule, na hapakuwa na mtu wa kuliona. Akashika ukingo wa kitanda, akakiburuta hadi kikagusa kiti.

"Utakwaruza sakafu!"

"Ikwaruzike."

Mama aliinuka bila kushika kitu. Daktari alilitambua hilo na kufurahi kimyakimya. Akaichana nailoni, akauweka mto mahali pake. Mama akalala juu yake polepole.

"Na wewe kaa kitini. Sitaki kukiona kitupu."

Daktari aliketi. Sponji ilimvuta upande wa kushoto.

"Usitikisike, mama."

"Hata kujibu marufuku?"

"Kujibu ruhusa."

"Basi niulize."

Hakuhitaji kuambiwa aulize nini.

"Umefunga mlango?" Sauti ilimtoka nzito kuliko alivyotaka.

Mama alifumba macho. "Nimefunga."

Mlango ulikuwa wazi, na jua la asubuhi lilikuwa limeingia hadi miguuni pa kitanda. Daktari aliliona, asimsahihishe. Ubavuni mwa mto, taa ndogo ilianza kumetameta.