Mdomo wa Jenoveva

Kijiko kilimponyoka Jenoveva mara ya nne, kikaanguka kwenye majivu. Alikiokota, akakisuuza, akakibana tena kwa midomo. Ahesabu hadi kumi, ndivyo alivyoagizwa. Alifika sita. Upande wa kulia ulishika, wa kushoto ukalegea, mate yakamtiririka kidevuni, naye akayafuta kwa ncha ya kanga kwa hasira.

Miezi mitatu sasa tangu aamke uso umekwenda upande. Hospitalini, Klara, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimweleza kuwa si laana wala si mkono wa mtu. Ni mshipa wa fahamu wa uso, na misuli iliyolala hufundishwa upya. Jaza hewa mashavuni. Kunja pua. Piga mluzi. Sema pa, ba, ma, mara ishirini, asubuhi na jioni. "Uje kila wiki nikuone, mama." Kila wiki, kwa miteremko ile! Alikwenda mara mbili. Mara ya tatu alikuta kufuli mlangoni: Klara kahamishwa, mwingine hajaletwa. Mhudumu aliyekuwa akipiga deki alimwambia aendelee tu nyumbani.

Haya, akaendelea, maana baraza la ardhi lilikuwa Alhamisi. Tangu mumewe Emanueli azikwe, shemeji yake Sefania alikuwa ameng'oa masale, mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka, na kulidai shamba la kijitoni, lile la karoti na kabichi linalomlisha yeye na wanawe. Jenoveva alikuwa na sentensi moja ya kuliambia baraza: "Mpaka tulipanda masale mimi na mume wangu, mbele ya baba mkwe." Karibu kila neno lilitaka midomo ikutane, na midomo ndiyo iliyogoma.

Ndani moshi ulimkaba, basi kila alfajiri akatoka uani, akasimama akitazama bondeni, anapuliza mashavu na kusema pa, ba, ma mpaka jasho linamtoka. Bondeni ndiko iliko nyumba ya Sefania. Mke wa Sefania, akienda kuokota kuni, alimwona. Kufikia Jumapili kanisa zima lilikuwa na habari: mjane anaapiza mji wa shemeji yake jua likichomoza. Na mdomo si umeshapinda? Ardhi haitaki uongo, bwana! Watu wazima, wenye akili zao, waliyasema hayo na kuyaamini.

Alhamisi mwenyekiti, Mzee Benjamini, aliitikia shikamoo yake bila kumtazama. "Eleza shida yako, mama, karani aandike."

"'aka tuli'anda 'asale..."

Mtu akacheka nyuma. Karani akainua kalamu. "Sijamwelewa, mwenyekiti."

Jenoveva akatoa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mzee Benjamini hakuigusa. "Hapa maelezo ni ya mdomo. Karatasi mtu anaweza kuandikiwa."

Sefania akasimama, kofia mkononi, mpole kama mzee wa kanisa. "Mzee, mgonjwa huyu tusimtese. Mimi nimeshamzoea. Mkiniruhusu, nitawaeleza anachosema."

"Huo ndio ubinadamu," mwenyekiti akasema.

"Anasema shamba anajua ni la ukoo. Anaomba tu aachiwe avune karoti zilizomo."

"Uongo!"

Neno lilitoka zima, safi, likagonga bati. Lenyewe halihitaji midomo kukutana. Jenoveva mwenyewe alishtuka.

"Ahaa," akasema mwenyekiti. "Kumbe kusema unaweza. Matusi ndiyo unayoyajua. Na huko kuapiza watu alfajiri?"

Jenoveva alitikisa kichwa kwa nguvu. Jamani, angewaelezaje? Akaona bora awaonyeshe. Akajaza hewa mashavuni, akakunja pua, akabonyeza shavu kwa kidole kama Klara alivyomfundisha, akajaribu pa, akajaribu ba, akajaribu ma. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima, aliburuta kiti chake nyuma na kujifunika uso kwa mtandio. Sefania alifungua mikono tu, kama kusema: mmejionea wenyewe.

Mzee Benjamini alisema haraka, kwa sauti ya mtu anayetaka kufunga mlango, "Karani, andika. Pande mbili zimesuluhishwa. Shamba libaki la ukoo, mjane avune kilichomo. Mlalamikaji hana pingamizi."

Jenoveva alitikisa kichwa tena.

"Anatikisa kichwa, mwenyekiti," karani akasema chini chini.

"Kichwa hakiandikwi. Amesema nini?"

Karani alimtazama Jenoveva. "Hajasema kitu."

"Basi."

Kalamu ikaanza kwenda. Jenoveva akaishika midomo yake kwa vidole, wa juu na wa chini, akaikutanisha kwa nguvu ili atoe hilo neno pingamizi, na kabla hajaiachia, muhuri ulikuwa umeshagongwa.