Boti Haiuzwi
"Mota imekufa, shemeji! Mnunuzi wa boti yuko njiani," alifoka kaka wa marehemu mume wangu, dereva wa lori.

"Nani alifunga betri hizi?" nikamuuliza.

"Mimi. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kama ninavyoamsha lori likizima."

"Hili si lori! Mota hii inataka nguvu ya betri mbili zilizofuatana. Umeipa ya moja, ndiyo maana imegoma."

"Wewe na nyaya wapi na wapi?"

Nilifungua nyaya zote, nikakwangua kutu, nikaunganisha chanya ya betri moja na hasi ya nyingine. Nyaya za mota nikazirudisha kwenye vichwa viwili vya betri vilivyobaki. Propela ikazunguka kwa fujo, ikamlowesha shemeji.

"Na mnunuzi je?"

"Mpokee wewe."

Nikafungua kamba, nikaondoka na boti yangu.