Lifti ya Oddvar Stensrud

Oddvar Stensrud hakuwahi kukwangua barafu kwenye kioo kizima cha gari lake. Alikwangua tundu. Tundu lenye ukubwa wa kisahani cha kikombe, upande wake, usawa wa macho yake, na kwa tundu hilo alituendesha wanawake wawili wazima kutoka kwetu Brekkåsen hadi mjini Hamar, kilomita kumi na tisa, kwenye giza la Novemba. Upande wa abiria barafu ilibaki kama ilivyolala. Mara ya kwanza nilipolalamika aliniuliza, "Ninyi mnataka kuona nini? Njia naijua mimi."

Naitwa Gudveig Aasheim. Natengeneza meno ya bandia kwenye karakana ndogo nyuma ya stesheni ya Hamar, kazi inayotaka vidole vyenye joto na visivyotetemeka, na kwa majira mawili ya baridi nilifika kazini vidole vimekufa ganzi kwa sababu ya hisani ya jirani yangu. Nasema hisani kwa kuwa yeye mwenyewe aliiita hivyo, mbele za watu, siku ile majirani tulipokusanyika kufagia majani na kupaka rangi uzio. Mabasi ya asubuhi yalikuwa yamepunguzwa, limebaki moja. Mimi sikuwa na gari tangu mume wangu Kåre aliponiacha akaondoka nalo. Oddvar akapanda juu ya kreti, brashi mkononi, akatangaza: "Kuanzia kesho Gudveig na Mariann wanapanda kwangu. Jirani ni jirani." Watu wakapiga makofi. Ukishapigiwa makofi utakataaje?

Sharti lake lilikuwa moja: tuwe tumesimama nje saa kumi na mbili na dakika ishirini, maana yeye hapendi kusubiri watu. Tukasimama. Yeye alitoka saa kumi na mbili na nusu, siku nyingine na zaidi, kikombe cha kahawa mkononi, akiinyonya kwa sauti ya buti linalong'olewa topeni. Hakuja moja kwa moja. Alipita kwanza kwenye kipimajoto kilichopigiliwa ukutani, akakiinamia kama daktari.

"Nyuzi nne chini ya sifuri," alisema. "Redioni wamesema tatu. Hawajui kitu wale."

Mariann Fossum alikaa mbele kwa sababu gari humtia kichefuchefu. Ni mwanamke wa sauti ndogo na mkoba mkubwa, kazi yake kugonga mihuri kaunta ya halmashauri. Mimi nilikaa nyuma, juu ya blanketi la mbwa. Mbwa mwenyewe hakuwemo; alikuwa nyumbani amelala kwa raha zake, ila manyoya yake yalisafiri kila siku hadi Hamar na kuingia nami kazini, na nimewahi kuokota unywele mmoja kwenye meno ya mteja, nikamshukuru Mungu kwamba nimeuona kabla yake. Joto la gari lilipuliza mbele tu. Na hilo joto likianza kutia ukungu kwenye lile tundu lake, Oddvar alishusha dirisha, na upepo wote ukaja kunipiga mimi usoni.

Humo ndani alikuwa mfalme. Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mtu anauza rangi na misumari dukani mwa shemeji yake mchana kutwa, hakuna anayemuuliza lolote zaidi ya bei, lakini asubuhi ana abiria wawili waliofungwa mikanda, basi anawafundisha. Alitufundisha jinsi ya kupasua kuni, jinsi Waswidi wanavyoendesha vibaya, jinsi ya kumwoa mjane. Mimi nilitazama kisogo chake chekundu na kuhesabu mataa ya barabarani.

Mwaka ule somo lilikuwa matairi. Kufikia mwisho wa Oktoba kila mtu Brekkåsen alikuwa ameshafunga matairi ya baridi, yale yenye misumari midogo ya kushika barafu. Hata bibi Solbakken, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa amefungiwa yake. Ya Oddvar yalikuwa yamepangwa gereji, yamefunikwa turubai.

Jumatatu ya pili ya Novemba mvua ilinyesha usiku, kisha baridi ikashuka ghafla alfajiri. Nilipotoka mlangoni nilishika nguzo ya ngazi kwa mikono miwili. Barabara iling'aa kama imepakwa mafuta, ile barafu nyembamba isiyo na rangi ambayo huioni mpaka ikuangushe. Mariann alikuja akitembea pembeni juu ya nyasi, hatua ndogo ndogo, kama kuku aliyefungwa miguu. Tukasubiri. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tisa Oddvar akatoka na kahawa yake, akasoma kipimajoto chake, akakwangua tundu lake, tukaingia.

"Oddvar, umeshabadilisha matairi?" nikauliza.

"Mama meno umeanza."

"Nauliza tu."

"Watu wanabadilisha matairi kwa kufuata kalenda, kama kondoo. Mimi nasikiliza barabara."

"Na leo barabara inasemaje?"

"Inasema ukae kimya huko nyuma," akajibu, akacheka peke yake. "Mimi nimezaliwa kwenye barafu, bibi wewe. Mama yangu alinizaa Februari."

Tulifika mteremko wa ghala la maziwa la zamani. Hapo barabara inakata kona kushoto, na kulia kuna mtaro. Oddvar alikuwa akitueleza habari ya gundi ya marumaru. Akagusa breki. Gari halikujali. Halikuyumba wala halikupiga kelele; liliendelea tu mbele, taratibu, kwa heshima, kama kabati linalosukumwa na watu wawili wasio na haraka, mpaka likaacha barabara, likainamisha pua na kukaa mtaroni. Kahawa ikamwagikia mapajani mwake. Redio iliendelea kusoma habari za bei ya samaki.

Kisha Oddvar akageuka, akanikazia macho. "Nani kasogea huko nyuma?"

Sikuamini masikio yangu. "Nini?"

"Uzito umehama. Nimeusikia. Gari jepesi hili, mtu akihamisha makalio kwenye kona basi tena. Na wewe Mariann, nilishakwambia usinisemeshe penye kona."

Mariann alikuwa amekumbatia mkoba wake. "Sijasema neno tangu Septemba," akasema.

Tukatoka. Hakuna aliyeumia, na gari lenyewe halikuwa na hata mkwaruzo. Lilikuwa limekaa tu pale kwa aibu ambayo mwenye gari hakuwa nayo. Oddvar alilizunguka mara mbili, suruali imelowa kahawa mahali pabaya, akapiga tairi teke, akakaribia kuanguka, akashika kioo cha pembeni. Nilitamani aanguke. Naungama hivyo bila kuona haya.

"Haya, kina mama," akasema, "mtasukuma kwa nyuma. Mimi nitashika usukani."

"Kwa nini usisukume wewe, Mariann ashike usukani? Ana leseni," nikamwambia.

"Hapa panataka mtu anayejua."

Basi tukasukuma. Hapo ndipo ninapojidharau mwenyewe, maana nilikuwa na miaka hamsini na minne na akili zangu timamu, na bado nilishuka mtaroni gizani nikaweka viganja vyangu, viganja vinavyonilisha, kwenye bati la barafu, kwa kuwa Oddvar Stensrud amesema sukuma. Akakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka pale pale na kutumwagia tope, maji ya barafu na majani yaliyooza, kuanzia magotini hadi shingoni. Nililionja lile tope. Mariann alikuwa na jani limenata kwenye miwani.

"Sukumeni basi!" alipiga kelele dirishani. "Mnasukuma au mnaegemea?"

Wakati huo taa mbili kubwa zikashuka mteremko polepole, misumari ya matairi ikitafuna barafu. Lilikuwa basi, lile moja lililobaki. Likasimama usawa wetu bila kuteleza hata inchi, mlango ukafunguka kwa pumzi, na dereva, mwanamke mnene mwenye skafu ya manjano, akatutazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mnapanda, au mko mazoezini?"

Nikapanda. Sikufikiri hata kidogo. Mariann akasimama na mguu mmoja kwenye ngazi, anatazama gari, anatazama basi, mpaka dereva akamwambia, "Mama, joto langu linatoka nje," naye akapanda.

"Gudveig!" Oddvar alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Mnaniacha hapa?"

"Sikiliza barabara, Oddvar," nikamjibu. "Itakwambia la kufanya."

Mlango ukafungwa. Niliona mabega ya dereva yakicheka.

Msidhani basi lilikuwa pepo. Nilisimama njia nzima, kwapa la mtu mrefu likiwa juu ya pua yangu. Mzee mmoja alivuta kamasi kila baada ya mita mia, kwa mpangilio, bila kukosea. Msichana wa shule alikuwa na vifaa vya muziki masikioni, na muziki ukivuja kama bomba bovu. Kulikuwa na bwana aliyebeba skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, ingawa theluji yenyewe haikuwa imeanguka hata punje, na kila kona zile skii zilinigonga nyonga. Niliwachukia wote kwa usawa. Lakini hakuna hata mmoja aliyenifundisha chochote.

Jioni yake nilipita dukani kununua mkate. Mwenye duka, Åshild, alinishika mkono na kunionea huruma hadharani.

"Poleni jamani! Nasikia mlikuwa karibu kufa."

"Nani kasema?"

"Oddvar kasimulia hapa sasa hivi. Yule paa mkubwa wa msituni alivyoruka mbele ya gari, na yeye alivyokata usukani kuwaokoa. Kasema kama angekuwa dereva mwingine, leo tunachagua nyimbo za mazishi."

"Paa?"

"Dume. Mapembe mapana hivi." Åshild akatanua mikono, akaangusha pakiti ya biskuti.

Nikachukua mkate wangu nikaenda nyumbani. Nililala vizuri, niseme ukweli. Hasira ina kipimo chake. Ikizidi hapo inageuka usingizi.

Kesho yake saa kumi na mbili na dakika thelathini na tatu honi ikapigwa nje kwangu. Mara tatu, kama kawaida, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Nilikuwa nimeshavaa koti, kwa sababu nilikuwa natoka kwenda kituoni. Mariann alikuwa amekaa mbele, mkoba mapajani. Nikainama dirishani.

"Leo napanda basi, Oddvar. Na kesho. Usinipitie tena."

Alisikitika kweli, uso wake mpana ukalegea. "Bado una hofu," akasema kwa upole. "Ni kawaida, dada yangu. Mtu akishaona mnyama kama yule..."

"Hakukuwa na mnyama."

"Wewe ulikuwa nyuma. Hukuona."

"Kioo kizima kilikuwa barafu, wewe mwenyewe ungemwona wapi? Mariann, mwambie. Kulikuwa na paa?"

Mariann alitazama glavu zake. Alizitazama muda mrefu, ya kulia, kisha ya kushoto. Hewa ya moto ya gari ilikuwa inampulizia magotini, nami nilikuwa nimesimama kwenye baridi nikimngoja.

"Kulikuwa na giza," akasema.

Nimewahi kumdharau Kåre, na nimewahi kumdharau Oddvar miaka miwili mfululizo bila kupumzika, lakini sijui kama nimewahi kumdharau mtu kwa ukamilifu kama nilivyomdharau Mariann Fossum asubuhi ile. Oddvar angalau alijidanganya mwenyewe kwanza ndipo akatudanganya sisi. Yule mwenzangu aliuza macho yake mwenyewe kwa kiti chenye joto.

"Safari njema," nikawaambia, nikaondoka.

Kituo kiko dakika kumi na mbili kwa miguu. Basi lilichelewa dakika tisa. Gari la Oddvar lilinipita nikiwa nimesimama pale, na safari hii lilikuwa na matairi ya baridi. Nilisikia misumari yake. Alinipungia mkono kwa ukarimu mkubwa.

Nilipanda basi majira yote yale mpaka theluji ilipoyeyuka Aprili. Nilichelewa kazini mara nyingi kuliko zamani, na bosi wangu akaniambia hivyo, naye alikuwa sahihi. Yule mzee wa kamasi nilimzoea. Siku asipopanda nilitazama nje kuona kama anakuja. Wa skii sikumzoea.

Mwishoni mwa Januari, siku ya baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, nilimkuta Mariann kituoni, amejikunyata nyuma ya ubao wa ratiba. Hatukusalimiana. Basi lilipokuja akapanda nyuma yangu, na kwa kuwa siku hiyo nilikuwa nimepata kiti cha watu wawili na kukikalia chote, akasimama kando yangu akining'inia kwenye mkanda, mkoba wake ukinigonga sikio.

"Sasa anasimulia kwamba mimi nilizimia," akasema hatimaye. "Kila asubuhi. Eti alinibeba mpaka barabarani."

"Na ulizimia?"

"Gudveig, tafadhali."

"Mimi sijui. Si kulikuwa na giza?"

Masikio yake yalikuwa mekundu, sijui kwa baridi au kwa nini, wala sikuuliza. Nilimwacha asimame mpaka tulipovuka ghala la maziwa na kupita vituo viwili zaidi. Kisha nikasogea dirishani, kidogo, akakaa na nusu ya mwili wake ikiwa njiani, na kila aliyepita akamgonga goti.