Kasuku Aliyesikia Mawazo

Kwenye kijito kile hakuna aliyekaanga unga wa muhogo kama Deuzarina. Unga wake ulikuwa wa njano, punje kavu zinazolia ukizitafuna. Watu walipiga kasia saa nzima kuufuata, naye alijua. Wakimuuliza siri yake alisema tu, "Mkono usichoke kukoroga," kisha akageuka wasimwone anavyotabasamu.

Mwaka ule alipata la kujivunia zaidi. Kina mama wa maombi wa kanisa lao walikuwa wanatimiza miaka ishirini, na ibada ya shukrani ilipangwa kufanyika nyumbani kwake. Si kwa mchungaji, kwake! Katika nyumba ya mbao juu ya nguzo, ambayo sakafu yake aliimalizia kwa mikono yake mwenyewe baada ya mumewe kufariki. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Asubuhi moja Neuzimar, mke wa mwanawe, alikuja kuchukua unga. Alikuwa bado anafunga mtumbwi kwenye ngazi aliposikia sauti kutoka barazani.

"Jandira anajidai! Jandira sauti ya bata!"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe wake kabisa, mpaka ule mguno wa mwishoni. Lakini Deuzarina alikuwa amesimama mbele yake, beseni mkononi, mdomo umefungwa. Aliyesema ni Louro, kasuku wake wa kijani, juu ya boriti.

"Mama wee!" Neuzimar alikaa kwenye ngazi akacheka mpaka akafuta machozi. "Nani kamfundisha huyu?"

"Mimi sijamfundisha."

"Basi kafundishwa na samaki!"

Deuzarina hakucheka. Jandira alikuwa dada wa kanisani, na ndiye kiongozi wa kina mama wa maombi. Tena ndiye aliyepewa kuanzisha nyimbo, kazi ambayo Deuzarina aliifanya kwa miaka kumi na minne kabla Jandira hajahamia pale. Siku mchungaji alipotangaza badiliko lile, Deuzarina hakulalamika hata kidogo. Kila Jumapili walipeana mkono. "Amani ya Bwana, dada." "Amani ya Bwana, dada Deuzarina." Alidhani amelimeza lile jambo, na moyoni alijisifu kwa kulimeza.

Ila akikaanga unga jikoni, nyuma tu ya baraza, alikuwa peke yake tangu alfajiri hadi mchana. Mkono unakoroga, akili inatembea. Inakwenda mpaka kanisani, inamkuta Jandira amesimama mbele, inaanza. Kumbe mdomo nao ulikuwa unafuata. Na kasuku hashiki neno lililosemwa mara moja tu.

"Sasa mama, ibada itakuwaje?" Neuzimar aliuliza, kicheko kikimwisha. "Jandira mwenyewe atakaa hapo hapo chini ya boriti. Mpeleke kwa mjomba Valdenor mpaka wageni waondoke."

Deuzarina aliona ni neno la busara. Kesho yake akamtia Louro kapuni, akafunika kwa kitambaa, akapanda mtumbwi. Alipofika kwenye kona ya mto, kapu likasema, "Sauti ya bata!" Alitaka kulikemea, lakini akagundua midomo yake mwenyewe ilikuwa inacheza. Alikuwa anawaza yale yale dakika ile ile, mbele ya maji na ndege na Mungu.

Akaacha kupiga kasia.

"Nikimpeleka huyu kwa Valdenor," alisema kwa sauti, "mdomo huu nitaupeleka kwa nani?"

Akageuza mtumbwi.

Kwanza alijaribu kunyamaza. Alikaanga unga siku nne meno yameumana mpaka taya likauma, na kasuku hakupunguza hata neno moja. Halafu akajaribu kumfundisha neno la kumsifu Mungu. Wiki nzima, kila akipita chini ya boriti, "Haleluya, Louro. Haleluya." Siku ya nane kasuku akanyoosha shingo akasema kwa furaha, "Haleluya! Jandira sauti ya bata!"

"Sasa kaokoka nusu," Neuzimar alisema. "Kama wengi wetu."

Maneno yale yalimchoma. Neuzimar alipoondoka, Deuzarina alipiga magoti kando ya tanuru, majivu yakamshika gauni. Alimwambia Bwana kwamba hajui afanye nini na kichwa chake. Hakuna sauti iliyojibu. Ila alikumbuka kwamba mtume mmoja katika Biblia, akiwa kifungoni, aliwaandikia waumini wayafikirie yaliyo ya kweli na mema. Hakuwaambia wasifikiri. Aliwaambia wafikiri nini.

Basi akatafuta la kweli kuhusu Jandira. Lilichelewa kuja. Alikoroga kaango zima la unga bila kulipata. Kwenye kaango la pili akakumbuka mwaka uliopita, yeye alipofiwa na mama yake: mvua kubwa, mto umefura, na Jandira amefika peke yake kwa mtumbwi, sufuria ya mchuzi wa samaki imebanwa kati ya magoti isimwagike.

"Jandira alikuja na mvua," alisema, akikoroga. "Alikuja na mvua."

Hilo lilikuwa rahisi. La pili lilikuwa kama kumeza mfupa, kwa kuwa lilihusu ile ile sauti. Alilizunguka siku mbili. Siku ya tatu akasema haraka haraka, kama mtu anayeng'oa mwiba: "Jandira anaimba vizuri."

Wazo baya halikukoma kuja. Halikuwa na haya, lilikuja bila kubisha hodi, mara kumi kwa kaango moja. Yeye alichoweza ni kutolikaribisha likae. Likiingia tu, alitikisa kichwa, akasema kwa sauti, "Hapana, si hivyo. Jandira anaimba vizuri." Akaendelea kukoroga. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Kuna siku alishindwa, akaliacha wazo likae mpaka unga ukaungua upande mmoja. Aliula ule unga ulioungua yeye mwenyewe, akaanza upya.

Siku ya ibada mitumbwi ilijaa chini ya ngazi. Kina mama walipanda wamevaa sketi ndefu nyeupe, wakaisifia sakafu, na Deuzarina akazipokea sifa zao bila kujifanya hajazisikia. Jandira aliketi pale pale, chini ya boriti. Deuzarina angeweza kumfunika kasuku, na shuka ilikuwa tayari kitini. Aliiangalia, akaiacha.

Jandira alianzisha wimbo. Sauti ikajaa nyumba, na wimbo ulipokwisha, katika ule utulivu kabla ya maombi, Louro akajikung'uta.

"Hapana, si hivyo," alisema, kwa sauti ya mwenye nyumba, na mguno. "Jandira anaimba vizuri."

Kina mama wakacheka. Jandira naye alitabasamu, lakini akainua macho. "Dada Deuzarina. Hilo la pili nimelielewa. Hilo 'si hivyo' alikuwa anamjibu nani?"

Hapo angeweza kupita pembeni. Neuzimar, mlangoni, alimkonyeza apite pembeni.

"Alikuwa ananijibu mimi," Deuzarina alisema. "Nilikuwa nakusema hapa kwangu, dada. Nilisema una sauti ya bata."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Bata gani?" Jandira aliuliza taratibu. "Wa mtoni au wa kufugwa?"

"Wa kufugwa."

"Ah. Afadhali ungesema wa mtoni, wale angalau wanaruka." Halafu uso ukamlegea. "Na huyu ndege, umemgeuza kwa muda gani?"

"Nimepigana wiki nne. Sijamgeuza yeye, nimejigeuza mimi. Yeye amenifuata tu."

"Wiki nne unanisema vizuri jikoni kwako, na hakuna mtu anayekusikia?"

"Kasuku alikuwapo."

Jandira alicheka, akamshika mkono, na safari hii hawakusema salamu yoyote. Walikaa bega kwa bega wakati wa maombi. Baadaye Deuzarina aligawa asai, uji mzito wa zambarau wa matunda ya msituni, na unga wake juu yake, na kila bakuli lilirudi tupu. Alitembea kwenye sakafu yake kichwa juu. Alikuwa na fahari, ndiyo. Lakini fahari ya unga na ya sakafu alikuwa ameizoea. Hii ilikuwa ya kazi ambayo hakuna mtu aliyemwona akiifanya.

Miezi mitatu baadaye alikuwa anakoroga, mara akamkumbuka jirani mmoja aliyechelewa kurudisha wavu wake. Midomo ikaanza kucheza.

"Hapana, si hivyo!" Louro alisema kutoka kwenye boriti, kabla yake.

Deuzarina alimwinulia macho, mkono ukikoroga bila kusimama.

"Haya basi," alimwambia, kama mama anayemsikia mwanawe akisoma kwa mara ya kwanza. "Niambie sasa lililo kweli."